Kibao cha Awamu ya Kwanza

Kuna nchi moja ambayo kulitaja jina lake mpaka ujaze fomu, na fomu zenyewe ziliisha mwaka juzi. Basi tuiite nchi tu. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri sitini na mmoja, na ina wananchi wa kutosha kuwapigia makofi wote hao kwa zamu.

Wizara ya Usomaji ya nchi hiyo iligundua kwamba watu hawasomi. Ilifanya utafiti miaka minne, ikachapisha ripoti nene kama tofali, hakuna mtu aliyeisoma, na huo ukawa ushahidi. Ikaundwa tume. Tume ikasafiri, ikala huko ilikokwenda, ikarudi imenenepa na dawa mkononi: Kibao cha Mwananchi. Kifaa cha kusomea vitabu, chembamba kama sahani, kinaingia kwenye kapu, bei yake hata muuza mchicha anaimudu. "Kibao kimoja, vitabu elfu kumi!" redio ilikuwa inasema hivyo kila baada ya matangazo ya vifo.

Sokoni vilikuwepo vibao vingine, vya kutoka nje, vya rangi, bei yake ya kukatisha tamaa. Tume ya Ushindani ikavipima vyote, ikakuta vinashindana. Ikaona huo ni ugomvi, ikavipiga marufuku. Halafu ikatangaza matokeo: Kibao cha Mwananchi kimeshika nafasi ya kwanza sokoni, ya pili, na ya tatu. Nafasi ya nne haikupewa mtu, ili dunia ione kwamba ushindani ulikuwa wa haki.

Zuhena alikuwepo siku kinazinduliwa. Msichana wa miaka ishirini na miwili, mwaka wa mwisho Chuo cha Ukunga, amekuja kumletea kaka yake chakula. Kaka yake, Hamduni, alikuwa fundi simu Soko la Nyaya, meza ya tatu ukiingia. Ndiye aliyemlea. Mama yao alikufa siku ileile aliyomzaa Zuhena, maana mkunga wa zahanati alikuwa kwenye semina. Semina ilihusu umuhimu wa wakunga. Tangu Zuhena apate akili alitaka kitu kimoja tu: awe mkunga, na asiende semina.

Sasa Soko la Nyaya lina mila yake, na bila kuijua mila hiyo hutaelewa yaliyotokea. Zamani kulikuwa na mafundi matapeli. Unapeleka simu, unarudishiwa ganda limejazwa sabuni. Soko likanuka, wateja wakakimbia. Wazee wa soko wakakaa, wakakata shauri: kitu chochote hakitoki mezani mpaka kiwashwe mbele ya mwenyewe, na kikiwaka, meza zote za jirani zishuhudie kwa sauti moja: "Imepumua!" Iwe simu, iwe redio, iwe tochi ya bibi, neno ni hilohilo. Ukisikia soko zima limeguta "Imepumua!" ujue kuna mtu anakwenda nyumbani na roho kunjufu.

Hamduni mila hiyo ilikuwa imemwingia kwenye mifupa. Siku moja walikuwa msibani, jeneza liko katikati, mtu akamnong'oneza kwamba redio ya marehemu ni mbovu. Hamduni akasema, "Hebu tuone," akatoa bisibisi mfukoni, na kabla dua haijaisha redio ikaanza kutangaza mpira. Mafundi waliokuwa nyuma ya jeneza wakaguta "Imepumua!" na mjane akazimia. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia kitu kibovu, mkono unatangulia, akili inafuata kwa miguu.

Basi Waziri wa Usomaji, Mheshimiwa Pilingu, akafika sokoni na magari kumi na moja, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," akasema, "leo ujinga umepata ajali mbaya, na hauponi!"

Makofi.

"Nani fundi hodari hapa? Aje apokee Kibao cha kwanza!"

Watu wakamsukuma Hamduni mbele. Waziri akampa Kibao kwa mikono miwili, kamera zikameta. Hamduni akakigeuza, akatafuta pa kuwashia, hakupaona. Akakigonga mgongoni kwa kidole. Akakitikisa karibu na sikio. Pembeni kulikuwa na taa ndogo ya kijani inawaka, kioo cheusi tii. Soko zima limekaa kimya, midomo wazi, linasubiri lishuhudie. Waziri naye akawa anasubiri makofi. Hayaji.

"Mheshimiwa," Hamduni akasema taratibu, "samahani. Haijapumua."

"Haija nini?"

"Haijawaka, mzee. Maandishi hamna."

Waziri akacheka kicheko cha mtu mwenye walinzi. "Kijana, maendeleo ni hatua. Hii ni awamu ya kwanza. Awamu ya kwanza ni kibao. Maandishi ni awamu ya pili."

"Na hii awamu ya kwanza tunasoma nini?"

"Mnasoma kwa moyo wa subira," akasema Waziri. Hapo makofi yakaja, maana askari nao walikuwa wameanza kuangalia nani hapigi.

Jirani yake Hamduni, muuza makava ya simu aitwaye Kidevu, akamwambia walipokaa, "Bwana we, mdomo wako utakuja kutuzika."

"Si nimesema haijawaka?"

"Ndiyo. Lakini we umeambiwa useme?"

*

Wiki iliyofuata ikatoka amri: aliye na Kibao hana haja ya karatasi. Vitabu vyote vya shule na vyuo vikakusanywa, vikapimwa kwa mizani kama viazi, vikauzwa kwa wauza maandazi na karanga wafungie bidhaa. Wizara ikatangaza kwamba maarifa sasa yamefika hadi vijiweni. Na hapo haikudanganya.

Chuoni kwa kina Zuhena vilichukuliwa vyote, hata kitabu kikubwa cha ukunga chenye picha, kile ambacho wanafunzi walikuwa wanakipigania. Ilibaki miezi mitatu kabla ya mtihani wa taifa. Kila mwanafunzi akapewa Kibao, na kila mmoja akasaini kwamba amekipokea, amekisoma, na amekielewa.

Mkuu wa chuo, Bi Tekla, alikuwa mama mtu mzima, amezalisha nusu ya mji. Akaingia darasani, akaweka Kibao chake mezani, akavaa miwani.

"Fungueni ukurasa wa hamsini na mbili."

Darasa likatazama vioo vyeusi. Watu walijiona nyuso zao tu humo.

"Bi Tekla," Zuhena akasema, "ukurasa haupo."

"Najua, mwanangu."

"Sasa tunasoma nini?"

Bi Tekla akatazama dirishani. Pale dirishani alikuwa amekaa mtu wa Wizara, anaandika. "Tunasoma ukurasa wa hamsini na mbili," akasema. "Mkimaliza, mfungue wa hamsini na tatu."

Jioni ile Zuhena akanunua karanga kwa mama mmoja wa kituoni. Alipomaliza kula, akaukunjua ule mfuko wa karatasi, akakuta ni ukurasa wa kile kitabu. Sura ya kumi na nne: Mtoto Asiyelia. Ukurasa umekatwa nusu, umelowa mafuta, akasoma: "Mtoto akitoka bila kulia wala kuhema, usipoteze muda. Mkaushe upesi kwa kitambaa kikavu, msugue mgongo, kisha" — hapo karatasi imeisha.

Akarudi mbio kwa yule mama. "Mama, huu mfuko, nusu yake iko wapi?"

"Nusu yake nimemuuzia nani vile... yule wa bodaboda. Kwani karanga zilikuwa mbovu?"

"Hapana. Nataka kujua kisha nini."

"Kisha nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua, mama."

Wiki nzima Zuhena alinunua karanga. Alikula karanga mpaka tumbo likamuuma. Alipata ukurasa wa jiografia, ukurasa wa sheria za barabarani, na barua ya mapenzi ya mtu. "Kisha" hakuipata. Usiku alikuwa analala na neno hilo kifuani, anamwona mtoto amelala kitambaani, mdogo, wa bluu, amekaushwa, amesuguliwa mgongo, na yeye mkunga amesimama juu yake hajui kinachofuata.

"Kaka," akamwambia Hamduni, "hiki Kibao alichokupa Waziri hakiwezi kupumua kabisa?"

Heri asingesema hivyo. Hamduni akaweka kijiko chini. "Hebu tuone."

Akafungua skrubu nne, akainua mgongo wa Kibao. Wote wawili wakachungulia. Ndani kulikuwa na betri ya saa, ile taa ndogo ya kijani, na kipande cha saruji kimekatwa vizuri, kimesawazishwa pembe nne.

"Saruji ya nini sasa?" Zuhena akauliza.

"Uzito," akasema Hamduni. "Ili ukikishika uone umeshika kitu." Akakitoa kile kipande, akakipima mkononi. "Lakini kimekatwa vizuri, bana. Fundi wake si mbaya."

Kwenye meza ya Hamduni kulikuwa na simu kubwa ya daktari mmoja, aliileta kioo kikiwa kimepasuka, halafu akaihama nchi bila kuaga. Miaka miwili haijadaiwa. Hamduni akaitoa moyo, akatafuta kioo kizima kinachofaa, akakata, akaunga, akayeyusha risasi ya kulehemu kwa siku tatu. Hapakuwa na pa kuwashia kwenye ganda, kwa hiyo akaficha vibonyezo viwili ubavuni: ubonyeze vyote kwa pamoja, halafu ugonge mgongoni mara moja. Mtu asiyejua hata akikaa nacho mwaka, hakiwaki.

Siku ya nne akakiwasha mbele ya dada yake. Kioo kikawa cheupe. Na ndani ya ile simu ya daktari, kumbe, kulikuwa na vitabu vyake vyote vya kazi, kile cha ukunga kikiwemo, na picha zake.

Hamduni akaangalia kushoto na kulia. Meza za jirani hazipo, wako chumbani. Akasema mwenyewe, polepole, "Imepumua."

Zuhena akaruka moja kwa moja mpaka sura ya kumi na nne. Akasoma. Akafunika mdomo kwa mkono. Halafu akalia, maana kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

*

Alimwambia mtu mmoja tu, rafiki yake Mwajabu, anayekaa naye dawati moja.

"Njoo tusome wote."

"Mimi naogopa, mwenzangu," Mwajabu akasema. "Awamu ya pili ikija nitasoma."

"Na mama akija na uchungu kabla ya awamu ya pili?"

"Atasubiri. Si kila mtu anasubiri?"

Ukaja mtihani wa majaribio. Ili kusiwe na ubaguzi, Wizara ilikuwa imeshatuma alama kabla ya maswali: kila mtu hamsini. Lakini msahihishaji mmoja, mzee wa zamani, waraka haukumfikia. Akasahihisha. Wengine wote akawapa sifuri kwa sababu waliandika sifuri, na Zuhena akampa tisini na nne.

Wizara ikashtuka. Kwamba wengine hawajui kitu, hilo halikuwa na neno, lilikuwa kwenye bajeti. Ila huyu mmoja amejua, na amejulia wapi?

Askari sita wakaja chumbani asubuhi, wakainua godoro. Mkubwa wao akafungua Kibao kwa kisu, akachungulia, akakunja uso.

"Saruji iko wapi?"

"Saruji?" Hamduni akauliza.

"Usijifanye hujui. Saruji ya serikali iliyokuwa humu. Mmeiuza?"

Saruji ilikutwa imezuia mlango wa choo usijifunge. Ikachukuliwa, ikawekwa kwenye mfuko wa plastiki, ikaandikwa namba. Hamduni akafungwa pingu kwa makosa mawili: kuharibu saruji ya umma, na kutengeneza Kibao bandia.

Adhabu ya bandia ilikuwa inajulikana. Miaka kumi na miwili, na ndugu wote wa mkosaji wanafutiwa namba zao za mtihani, wasifanye mtihani wowote mpaka kufa.

Zuhena akaenda mahabusu kumwona. Hamduni alikuwa amekonda, vidole vyake vinachezacheza kwenye nondo kama vinatafuta skrubu.

"Sikiliza, dada'angu," akasema. "Mimi nimeshafikiri. Ile kitu wao hawajui kuiwasha. Wameshindwa wiki ya tatu sasa. Watakuita mahakamani. Wewe useme haijawahi kuwaka. Sema kaka yangu ni fundi mbovu, kaharibu tu. Kibovu si bandia. Kibovu ndiyo halali kwa sheria yao."

"Nikutukane mbele ya soko zima?"

"Nitukane. Ongeza na chumvi. Namba yako isipotee tu. Umesikia? Mama asife mara mbili."

"Nimesikia, kaka."

*

Siku ya kesi Soko la Nyaya lilifunga meza. Wote walikuja, Kidevu akiwa mbele, na mafundi, na wauza chaja, watu arobaini na mmoja wamebanana kwenye mabenchi ya nyuma. Waziri Pilingu naye alikuja, akawekewa kiti chenye mikono.

Hakimu aliitwa Ngwalo. Mtu mwembamba, mpole, ana sifa ya kutokula rushwa wala kuogopa rufaa. Sheria alikuwa anaipenda kama watu wengine wanavyopenda watoto. Alisema mwenyewe kwamba sheria ikimtaka amfunge mama yake, atamfunga, halafu atampelekea uji.

Akaitwa mtaalamu wa Mamlaka ya Uhalisi wa Bidhaa.

"Mheshimiwa Hakimu," mtaalamu akasema, "Kibao halisi hakina maandishi. Kikiwa na maandishi, si halisi. Tumepata taarifa kwamba hiki kina maandishi."

"Mmeyaona?"

Mtaalamu akakigeuza, akakibinya, akakiambia maneno fulani chini kwa chini. Kioo cheusi. "Leo hayataki kutoka, mheshimiwa."

Akaitwa Zuhena. Akapewa Kibao mkononi. Alikishika, na dole gumba lake likakaa lenyewe kwenye kibonyezo cha kwanza, kidole cha shahada kwenye cha pili. Vidole vilikuwa vinajua njia. Ilibaki kugonga tu. Akavikunja vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anafunga mlango asiamshe mtoto.

"Hiki kitu," akasema, "hakijawahi kuwaka. Kaka yangu anajiita fundi, lakini hata kibiriti kinamshinda."

Benchi za nyuma zikaguna. Hamduni, kizimbani, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Sasa," akauliza mwendesha mashtaka, "wewe tisini na nne uliipata wapi?"

"Kwenye Kibao halali nilichopewa na serikali yangu."

Waziri akainuka nusu kwenye kiti. Mwendesha mashtaka akatabasamu, akachukua Kibao kipya kwenye boksi, chenye saruji yake kamili, akampa. "Tusomee basi."

Zuhena akakitazama kile cheusi. Akajiona uso. Akaanza, sauti haitetemeki:

"Sura ya kumi na nne. Mtoto Asiyelia. Mtoto akitoka bila kulia wala kuhema, usipoteze muda. Mkaushe upesi kwa kitambaa kikavu, msugue mgongo, kisha mlaze chali, kichwa kikae sawa, kisikunjwe wala kisirudishwe nyuma sana. Safisha mdomo kwanza, ndipo pua. Akiwa bado kimya, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako. Mpulizie pumzi ndogo ndogo, pumzi ya shavuni, si ya kifuani. Tazama kifua chake. Kikiinuka, unafanya vizuri. Usikate tamaa mapema."

Alisoma mpaka mwisho, na alipofika chini ya ukurasa akapangusa kioo kwa kidole, kama anafunua unaofuata. Hakimu Ngwalo alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza. Waziri Pilingu machozi yalimtoka.

"Awamu ya pili!" akapaza sauti. "Imefika yenyewe! Kabla ya bajeti!"

Chumba kizima makofi. Waandishi wa habari wakakimbilia nje kupiga simu. Mwendesha mashtaka akakaa chini, maana angesema nini mbele ya Waziri anayelia?

Hakimu akagonga meza. "Mahakama imeridhika. Kielelezo hakina maandishi, hakiwaki, kwa hiyo si bandia. Ni kibovu tu, kama vingine vyote. Mshtakiwa ataachiwa. Kuhusu saruji, atarudisha. Karani, andika ungamo fupi, asaini, tufunge jalada."

Ilibaki saini moja. Mtihani Jumatatu.

Karani akaandika, akasogea kizimbani, akasoma kwa sauti: "Mimi Hamduni, fundi, nakiri kwamba kifaa hiki ni kibovu, na kwamba tangu kiingie mikononi mwangu hakijawahi kupumua." Halafu, kwa sababu utaratibu unasema mtu lazima akishike kile anachokikiri, akampa Kibao mkononi.

Ee bwana. Wiki tano mtu huyu hajagusa bisibisi. Na hapo anawekewa kitu kiganjani, na mtu anamwambia, mbele ya soko lake lote, kwamba ni kibovu.

"Hebu tuone," akasema Hamduni.

Zuhena alifungua mdomo apige kelele. Hakuwahi. Dole gumba, shahada, pigo moja mgongoni, ko! Kioo kikawa cheupe, kikaangaza uso wa karani, na picha ya mtoto mchanga wa sura ya kumi na nne ikatokea, kubwa, inaonekana mpaka benchi la mwisho.

Na Soko la Nyaya, watu arobaini na mmoja, bila kufikiri, bila kutazamana, kwa sauti moja iliyotikisa bati:

"IMEPUMUA!"

Halafu kimya. Kimya cha watu waliojisikia wenyewe.

Hamduni alikitazama kile kioo, akamtazama dada yake, na uso wake ukashuka taratibu, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha mtoto sokoni.

"Fungeni milango," akasema Hakimu Ngwalo kwa upole. "Karani, hesabu mashahidi."

*

Miaka kumi na miwili. Wale arobaini na mmoja wakapewa mwaka mmoja mmoja kwa kosa la kushuhudia. Kidevu, alipokuwa anapandishwa kwenye karandinga, alisema tu, "Nilimwambia." Soko la Nyaya likawa tupu, na Tume ikatangaza kwamba sasa Kibao cha Mwananchi kimeshika na nafasi ya nne.

Hakimu Ngwalo akaandika pia amri ndogo, akaitia muhuri wake: ni marufuku mtu yeyote, mahali popote, kutamka kwa sauti kwamba kitu au kiumbe chochote kimepumua. Askari wote wakagawiwa madaftari ya kuandika majina ya watakaotamka. Mwenye kutamka, mwaka mmoja, bila faini, bila kujali cheo.

Namba ya Zuhena ikafutwa. Jumatatu ya mtihani aliimalizia anafua nguo za watu. Mwajabu alifanya mtihani, akapata mia kwa mia, yeye na wenzake wote. Akapewa cheti chenye ukingo wa dhahabu na Kibao kipya.

Ikapita miezi minane. Mchana mmoja wa jua kali, Zuhena anaanika mashuka, akamwona Mwajabu anakuja mbio, viatu mkononi, gauni jeupe la ukunga limejaa jasho.

"Mwenzangu, njoo! Njoo upesi!"

"Niende wapi? Mimi sina namba."

"Binti wa Hakimu Ngwalo ameshikwa na uchungu tangu jana. Nimeitwa mimi, mkunga wa daraja la kwanza. Zuhena, mimi sijui kitu! Nimekaa pale nimeshika Kibao, wananiangalia!"

Zuhena aliendelea kubana shuka kwenye kamba. Alimfikiria Hamduni, vidole vyake kwenye nondo. Alifikiria muhuri. Halafu akamfikiria yule binti, ambaye hajamwona hata siku moja. Akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Twende."

Akaingizwa kwa mlango wa jikoni. Hakimu alikuwa amekaa ukumbini, mlangoni kwake amesimama askari na daftari lake mfukoni. Hakimu akamwona Zuhena akipita, akamjua. Akageuza uso ukutani. Zuhena akaelewa: hajaonekana.

Chumbani alikuwepo binti, amechoka hata kupiga kelele hawezi, na mama yake, mke wa Hakimu, Bi Saumu, anamshika mkono anasoma dua zote anazozijua. Zuhena akanawa. Akafanya kazi. Haikuchukua saa mtoto akatoka.

Wa bluu. Kimya. Kama vile alivyokuwa anamwota.

"Halii," Bi Saumu akasema. "Mbona halii? Jamani, mbona halii!"

Zuhena akachukua kitambaa kikavu. Akamkausha. Akamsugua mgongo. Kisha akamlaza chali, kichwa sawa. Mdomo kwanza, ndipo pua. Kimya. Akainama, akamfunika mdomo na pua kwa mdomo wake, akapuliza pumzi ya shavuni, si ya kifuani. Kifua kikainuka, kikashuka, kikatulia. Tena. Mwajabu alikuwa ukutani ameuma mkono wa gauni. Tena. Jasho la Zuhena likadondoka kwenye kitambaa. Usikate tamaa mapema, kitabu kilisema. Tena.

Mtoto akakohoa kidogo kama paka. Akakunja uso. Akatoa sauti moja ya hasira iliyofika mpaka ukumbini.

Mwajabu akamtazama Zuhena. Zuhena akamtazama Mwajabu. Wote wawili wakabana midomo, wakatikisa vichwa, wakacheka bila sauti, machozi yanawatiririka. Walikuwa wanajua sheria.

Lakini Bi Saumu alikuwa bibi sasa, dakika hiyohiyo amekuwa bibi, na bibi hana sheria. Akafungua mlango, akarusha mikono juu.

"Amepumua!" akapiga kelele, nyumba nzima ikasikia. "Mume wangu, mjukuu wako amepumua!"

Zuhena, mikono yake ikiwa bado ndani ya beseni, alisikia kiti cha ukumbini kikisogezwa. Akasikia hatua za Hakimu, haraka, za furaha, zikija. Halafu zikasimama.

Akasikia karatasi zinafunuliwa.

"Samahani sana, mheshimiwa," ilikuwa sauti ya askari, ya adabu kabisa. "Hongera kwa mjukuu. Jina kamili la mama aliyetamka tuandike nani?"

Mtoto analia. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa, na Zuhena hakuitoa mikono.

Halafu Hakimu Ngwalo, polepole, akalitaja jina la mke wake: la kwanza, la baba yake, na la babu yake. Na la mwisho, kwa sababu askari hakulisikia vizuri, akalirudia.